Bi Onih Sukaesih na Plastiki Mia Mbili na Kumi na Mbili

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, Bi Onih Sukaesih anastaafu baada ya kuitumikia studio yetu hapa Bandung kwa miaka thelathini na tisa na miezi mitatu. Aliingia akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, akapewa kazi ya kuosha. Anatoka akiwa mkuu wa chumba cha rangi, na hakuna bata wa manjano anayeonekana kwenye televisheni kutoka kwetu ambaye manjano yake hayakupita mbele ya macho yake kwanza.

Hayo niliyaandika Jumatatu, nikadhani kazi imebaki ndogo. Yanayofuata sikuyatarajia, na ninawaomba wenzangu myasome mkiwa mmekaa, kwa sababu mimi yalinikuta nimesimama.

Vijana wa kompyuta huenda hawajui kuosha kulikuwa nini. Zamani kila mchoro ulipakwa rangi juu ya plastiki nyembamba inayopitisha mwanga kama kioo. Kamera ikishaupiga picha, mchoro haukuwa na kazi tena, na plastiki ilikuwa adimu kuliko sukari. Basi ilioshwa kwa maji ya moto na sabuni, ikaanikwa, ikachorwa upya. Ndivyo zilivyotengenezwa zile katuni fupi za kwanza za Meri, yule bata mdogo, tano kwa jumla, kila moja dakika tatu, zikionyeshwa jioni kabla ya adhana ya Magharibi. Marehemu Bwana Wiranta Suganda, mwanzilishi wetu, alizichora. Bi Onih alizipaka rangi, na zikishapigwa picha akazifuta. Huwa anasema kwamba amemuua Meri mara nyingi kuliko mbweha.

Kompyuta zilipokuja mwaka 2003 wengi tulidhani zama zake zimekwisha. Yeye alikuja na nusu ya yai la bata lililotiwa chumvi, akaliweka kwenye kisahani mbele ya skrini, akawaambia vijana waitafute rangi ya kiini kile, si nyingine. Walihangaika asubuhi nzima. Walipoikaribia, mmoja wao akasahau, akalila yai. Bi Onih hakugomba. Siku ya pili alileta mayai mawili, moja la rangi, moja la huyo kijana.

Sasa nije kwenye katuni ya sita. Hakuna asiyeijua. Ni ile ya mkesha wa Idi ya mwaka 1987, Meri akirudi kwao kwa mama yake, na tangu mwanzo hadi mwisho haonekani ila miguu. Miguu inapita kwenye madimbwi, inapanda ngazi za nyumba, inasimama mbele ya miguu mingine mikubwa, basi, imekwisha. Watoto waliingiwa na wazimu. Walichora wenyewe sehemu iliyokosekana, wakatuletea kwa posta, magunia kumi na moja. Wakubwa wa televisheni walipoyaona magunia yale wakaomba mfululizo mzima, na ndiyo kazi inayotulisha sote mpaka leo. Bwana Wiranta alipoulizwa na magazeti kwa nini miguu tu, alijibu kwamba mtoto anayerudi kwao hutazama hatua zake. Maneno hayo tumeyapaka ukutani pale mapokezi. Wanafunzi wa vyuo wameyaandikia vitabu. Mimi peke yangu nimewaeleza wageni hekima ile labda mara mia mbili, na mara nyingine machozi yalinilengalenga.

Jumanne nilikwenda chumba cha rangi kumsomea Bi Onih maneno ya kibao atakachokabidhiwa: "Kwa mlinzi mwaminifu wa kazi za Wiranta Suganda." Nilitegemea atatabasamu. Alifunika kopo la rangi, akaniambia nifunge mlango.

"Sikulinda," akasema. "Niliziosha. Meri mzima wa katuni ya sita nilimwosha mimi, kabla hata kamera haijamwona."

Nilimwambia aache utani, mzaha huo utatuua wazee. Hakucheka. Nikakalia ndoo iliyokuwa karibu, na ndani yake kulikuwa na maji kidogo, sikujali.

Akanieleza. Siku zile tulikuwa na rafu mbili katika chumba kile kile. Iliyo upande wa kibla ni ya plastiki zilizokwisha kupigwa picha, ziende kuoshwa. Iliyo upande wa mlango ni ya zile zinazoingoja kamera. Hakuna aliyeandika kibao, maana hakuna aliyehitaji. Kibla kila mtu anakijua. Usiku wa kuamkia mwezi ishirini na saba Ramadhani, wafanyakazi wote walifuturu na kusali pamoja humo chumbani, na ili mikeka ienee, rafu zikasukumwa nje. Baada ya sala zikarudishwa. Zilirudishwa zimebadilishana mahali.

Asubuhi Bi Onih alifika wa kwanza, akachukua za upande wa kibla kama siku zote. Kufika adhuhuri alikuwa ameosha mia mbili na kumi na mbili. Maji ya beseni yalikuwa ya manjano mpaka ukingoni. Alijua jambo limeharibika pale Mang Ujo, mpiga picha wetu wa wakati huo, alipokuja na kusimama mlangoni mikono mitupu, akauliza bata wake yuko wapi.

Ilikuwa imebaki siku mbili. Bata hupakwa miguu kwenye plastiki za peke yake, kwa kuwa miguu hutembea na mwili umetulia, na plastiki za miguu zilikuwa bado zinakauka kwenye kamba chumba cha pili. Hizo ndizo zilizosalimika. Miguu ya Meri na miguu ya mama yake. Hapakuwa na hekima nyingine yoyote, jamaa zangu. Hapakuwa na kitu kingine cha kupiga picha.

Nilimuuliza kwa nini amenyamaza miaka thelathini na saba. Alisema mwanzoni aliogopa kufukuzwa. Baadaye sifa zilipokuwa kubwa aliogopa jambo jingine, kwamba akisema, atakayeonekana mwongo si yeye, ni Bwana Wiranta. Marehemu hakuwahi kumwomba anyamaze, wala yeye hakuwahi kumwomba ruhusa ya kusema. Walikuwa wakipita chini ya maneno yale ya ukutani wakisalimiana tu.

"Lakini kibao hicho sikipokei," akaniambia. "Nimesali Adhuhuri humu ndani miaka yote. Siwezi kuondoka nimebeba uongo uliochongwa kwenye shaba. Andika ilivyokuwa. Kama haisomwi, Ijumaa nitakuwa nyumbani kwangu, na msinitafute."

Mimi ni mtu wa kupanga karatasi, si wa mambo makubwa. Nilipeleka habari kwa mkurugenzi wetu, Bi Rengganis, ambaye ni binti wa marehemu. Alinisikiliza huku amesimama. Uso ulimbadilika rangi, akaniuliza nani mwingine anajua, kisha akaniomba nitoke. Jumatano nzima hakumwita mtu. Mpiga chapa alipiga simu mara tatu kuuliza programu hii ya hafla, na mimi nikamwambia asubiri. Tuliopata kusikia tulikuwa tunatazamana kama watu walioambiwa kwamba nyumba wanayoishi haina msingi. Jina la baba yake limo katika tuzo, katika ukuta, katika vitabu vya shule. Na upande wa pili kuna mama mmoja na dhamiri yake. Nilimwomba Mwenyezi Mungu afungue njia, kwa kuwa mimi sikuiona.

Alhamisi asubuhi Bi Rengganis alishuka chumba cha rangi. Alikaa kwenye kigoda cha kuoshea, kile kifupi, magoti juu. Nilitaka kuwapisha, akanionyesha kwa mkono nibaki. Tulidhani atauliza kuhusu magazeti, au wanasheria.

"Bi Onih," akasema, "baba alikufanya nini siku ile?"

"Alikaa chini akalia. Alilia kama mtu aliyefiwa, mwanangu, mpaka Mang Ujo akatoka nje. Halafu akajifuta, akaniuliza, Onih, leo umekula daku? Nikamwambia sikula, niliamka kumekucha. Akasema, basi ndiyo maana, nenda kalale kidogo."

Bi Rengganis alikisogeza kigoda karibu naye.

"Yale ya ukutani sikuwahi kumsikia akiyasema nyumbani," akasema. "Miaka yote nilijiuliza huyo mtu wanayemsifu ni nani. Huyu wa daku ndiye baba yangu." Akainuka, akaniambia, "Ichapishe yote. Usipunguze hata beseni."

Basi ndiyo hii, sikupunguza. Kibao kimerudi kwa fundi, na kitakuwa na jina lake na miaka yake tu, kama alivyotaka.

Bi Onih, tunakushukuru kwa rangi, kwa mayai, kwa subira, na kwa ukweli ulioutoa ukiwa mlangoni, wakati ulikuwa na haki ya kuondoka na sifa zako. Nenda ukapumzike Garut kwa wajukuu. Mola akujaalie afya na usingizi mwepesi, na kila Ramadhani itakayokuja, akupe mtu wa kukuamsha.