Keki ya Breki Imebonyea Katikati

Benchi letu lipo pale kona, mbele ya kibanda changu cha kushona viatu. Mguu wake mmoja tumeuwekea tofali, kwa hiyo ukikaa upande wa kushoto bila kujipanga, kahawa unaivaa badala ya kuinywa. Chupa ya kahawa naleta mimi, na malipo yangu ni kusikiliza upuuzi wa watu wazima. Jumamosi hiyo alitufikia Breki, dereva mstaafu wa malori, amebeba trei iliyofunikwa taulo kama mtu aliyebeba kichanga. Hakusalimu. Alikaa, akafunua. Ndani mlikuwa na keki iliyopanda vizuri pembeni, rangi yake safi kabisa, ila katikati imebonyea kama mto uliolaliwa.

Fundi Saa alivua miwani yake ya kazi, akaivaa tena. Kinyozi, ambaye alikuwa amemwacha mteja na povu shavuni, alisogea karibu.

— Imepata ajali, Kinyozi akasema.

— Usinitanie leo, Breki akamjibu. Leo sina moyo huo.

Ikabidi tumsikilize. Mke wake alikuwa amekwenda kumwangalia binti yao aliyejifungua, na Breki akaachiwa nyumba. Mwanzo alikuwa anakula mkate mkavu na chai. Halafu siku moja akaingia dukani kununua sukari, akajikuta hatoki. Alitueleza bila aibu jinsi anavyopenda kusimama mbele ya rafu na kikapu mkononi, hana haraka, ananusa mdalasini, anabonyeza pakiti za unga, analiinua yai kwenye mwanga kama anakagua taa ya gari. Akirudi nyumbani anapanga kila kitu mezani na kukiangalia kwanza. Kisha anaoka. Alisema nyumba ikianza kunukia vanila, anahisi amefika mwisho wa safari na mzigo umefika salama.

— Sasa shida iko wapi? nikamuuliza. Oka nyingine.

— Mama watoto anarudi leo jioni. Miaka yote hiyo hajaniruhusu hata kukoroga chai. Akishaingia jikoni, mimi natoka. Nilitaka aikute hii mezani imesimama, aniachie walau Jumamosi moja moja. Sasa ataangalia shimo hili na jiko limeniponyoka.

Tulimwona kweli anaumia, na Breki si mtu wa kuumia hovyo. Fundi Saa akasema dawa ya kitu kilichoharibika ni kukifungua, akakata kipande cha pembeni, akatafuna amefumba macho.

— Hii imetikiswa, akatoa hukumu. Asubuhi lori la mchanga lilipita mtaani kwenu. Keki iko kama saa, ukiitikisa inapoteza majira.

— Lori gani? Kinyozi akadaka, naye ameshika kipande. Tatizo mayai. Kanunua mengine duka la juu, mengine duka la chini. Yamekutana kwenye bakuli hayajuani, yakanuniana.

— Mayai yananuna? Fundi Saa akauliza.

— Wewe ukitiwa bakuli moja na usiowajua utacheka?

Nilimimina kahawa, nami nikakata cha kwangu. Ilikuwa tamu, sitaki kusema uongo. Fundi Saa akaongeza kipande cha pili kwa ajili ya uchunguzi, akasema sasa amepata jibu: redio. Breki alikuwa anasikiliza mpira, timu yake ikafungwa, na keki ikasikia mtangazaji anavyolia. Ikakata tamaa.

— Umejuaje redio ilikuwa inalia? Breki akamuuliza.

— Nilipita kuazima bisibisi, ulikuwa uani. Nikachungulia kidogo kwenye oveni. Ilikuwa inakwenda vizuri tu.

— Hata mimi nilipoifungua ilikuwa nzuri, Kinyozi akasema. Nilifuata harufu.

Breki akasema yeye mwenyewe alikuwa anaifungua mara kwa mara. Dereva makini hasubiri kufika ndipo aangalie mzigo. Mimi nikainama chini kutafuta sindano ambayo haikuwa imepotea, kwa sababu nilikuwa nimempelekea viatu vyake asubuhi ile ile, na jiko lilikuwa njiani.

Tukaendelea. Kinyozi alikuwa ameshafika kwenye nadharia kwamba unga ulisagwa na mtu mwenye huzuni, nusu ya keki imekwisha, pikipiki ikasimama mbele yetu. Akashuka mwanamke na begi lake. Basi lilikuwa limewahi.

— Habari za safari, shemeji, tukasema kwa pamoja, midomo imejaa.

Breki alisimama na taulo mkononi, hajui alifiche wapi. Mama hakumsalimu kwanza. Aliiangalia trei, akamega pembeni, akatafuna taratibu.

— Mdalasini umeweka wewe?

— Mimi.

— Na ganda la limau umekuna?

— Nimekuna.

Akatikisa kichwa kidogo, mtu hawezi kujua kwa nini. Kisha akabonyeza lile shimo la katikati kwa kidole. Akatuangalia mmoja mmoja, kuanzia tofalini.

— Nani alikuwa anafungua oveni?

Fundi Saa akatazama saa. Kinyozi akamkumbuka mteja wake, lakini miguu haikutii. Mimi niliinua chupa nimmiminie yeyote chochote, ikatoa matone mawili na hewa. Breki akatuona sote, akaanza kulikunja taulo.

Mama akamkabidhi mumewe begi, akajifuta vidole kwenye lile taulo.

— Jumamosi ijayo utaoka tena, akamwambia. Mimi nitakaa mlangoni.