Mama Koili Anaiaga Shaba

Baada ya miaka thelathini na minne katika karakana yetu ya mota, Mama Koili anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Mota zilizoungua za visima, feni na mashine za kusaga amezifumua na kuzisuka upya, na hatujui nani atakikalia kiti chake bila kuona haya.

Alianza kama mfagiaji aliyependa rangi ya shaba kwenye mabaki ya nyaya. Fundi mkuu wa wakati huo akamjaribu kwenye meza ya kusuka, na kumtoa hapo ikashindikana. Wageni anawaeleza habari za shaba kama mtu anayemposea mdogo wake: inapitisha umeme vizuri kuliko metali zote isipokuwa fedha, inakubali kuvutwa ikawa nyembamba kama uzi, na ukiipasha moto inalainika. Kasoro zake anazitaja pia, asije akalaumiwa. Ukiikunjakunja inakuwa ngumu na kukatika, na ikikaa kwenye unyevu inaota ukijani.

Sheria yake ni moja: akihesabu mizunguko ya waya, hasalimiwi. Meneja wetu, siku yake ya kwanza kazini, aliingia na bashasha zake akamsalimu. Mama alifumua koili nzima, msokoto wote wa waya, akaanza upya, na salamu akaiitikia saa ya chakula.

Miaka sita iliyopita mota ya pampu ya hospitali iliungua, wodi ya wazazi ikakosa maji. Humo alikuwemo bintiye, ameshikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza. Tulimsihi aende, akakataa. Alisema kule angekalia benchi tu, na huku kuna maji ya kupeleka. Adhuhuri mkwewe alifika mbio na habari. Tulimzuia mlangoni, maskini, akabaki anahema. Karakana nzima tumeshajua, mwenye mjukuu hajui. Alipomaliza koili ya mwisho ndipo akainua macho na kuuliza kama mama na mtoto ni wazima. Walikuwa wazima.

Mota ilipakwa vanishi, ikakaushwa, ikafungwa kwenye pampu jioni ile. Wodini muuguzi alimkatalia kumshika mtoto kwa mikono iliyojaa vanishi. Mama Koili akafungua bomba, maji yakatoka. Alinawa taratibu huku akilia bila kujificha, kisha akanyoosha mikono akapewa mjukuu wake.

Ahsante sana, Mama. Tunakuombea afya njema na mapumziko marefu. Sisi tumekusumbua vya kutosha. Sasa ni zamu ya wajukuu.