Meno au Magari

Benchi letu limeegemea ukuta kati ya duka langu la ushonaji na kibanda cha fundi saa. Bati lililo juu yake linatosha kuwafunika watu watatu, kwa hiyo wa nne huchomwa na jua mpaka akubali kushindwa ubishi au ahamie upande wa anayeshinda. Kuna Breki, aliyeendesha basi miaka thelathini na moja, na mpaka leo mguu wake wa kulia hukanyaga chini mtu akizungumza kwa kasi. Kuna Kamusi, fundi saa mwenyewe, anayejua methali zote isipokuwa maana zake. Kuna Bi Kahawa, na birika lake na vikombe saba, asemaye maneno machache tena baada ya kukumiminia. Na kuna mimi, Sindano, ambaye sikai kwenye benchi bali mlangoni, kwenye cherehani yangu, mguu ukifanya kazi na mdomo ukifanya yake.

Asubuhi hiyo mpwa wangu alifika na mkoba wake mgongoni na simu mkononi. Ni binti wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu akiwa darasa la tatu, na sasa yuko mwaka wa pili chuo kikuu. Huo mwaka wa pili mtaa mzima wanaujua, maana nimewatangazia.

— Shikamoo mjomba. Shikamooni.

— Marahaba! — tuliitikia kwa pamoja.

— Hujaenda darasani? — nikamuuliza.

— Kipindi ni saa sita. Mjomba, nimepata kazi. Ya muda, ya baada ya masomo.

Breki akampigia makofi. Kamusi akasema tangu zamani alijua.

— Tatizo nimepata mbili — akasema. — Zote wanataka jibu kabla ya saa tano.

Wote tukageuka kutazama ukuta wa Kamusi. Ulikuwa na saa kumi na mbili, kila moja na msimamo wake. Simu yangu ilisema saa nne na dakika tano.

Akatueleza. Ya kwanza ilikuwa mapokezi kwa daktari wa meno: alasiri nne za wiki, kuandika miadi, kupokea simu, kumwambia mgonjwa akae. Ya pili ilikuwa ya ofisi ya barabara. Walihitaji mtu wa kusimama njia panda kubwa, pale karibu na shule ya msingi, ahesabu magari yanayopita na watu wanaovuka. Angepewa ubao, karatasi na kidude cha kubonyeza. Ingekuwa miezi mitatu, alasiri mbili na Jumamosi asubuhi. Malipo yalikaribiana.

— Lakini mimi nilivyokuwa nafikiria... — akaanza.

— Kuhesabu magari! — Breki akamkatiza, mguu chini. — Mtoto wa chuo! Mimi nimeyaendesha miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kunihesabu.

— Chukua ya meno — nikasema mimi. Sikusema kwa nini.

— Subiri, Sindano — Kamusi akainua kidole. — Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka.

— Hapo umesema kweli.

— Sijamaliza. Ukishika mbili, moja ikakuponyoka, unabaki na ngapi?

— Moja.

— Na ukishika moja, ikakuponyoka?

— Hata moja.

— Basi azishike zote mbili! Wahenga walikuwa watu wa hesabu.

Binti akacheka. — Mzee Kamusi, saa zinagongana. Alasiri za...

— Saa kugongana niachie mimi. Ndiyo fani yangu.

Bi Kahawa akampa binti kikombe, akamsogezea ndoo iliyopinduliwa akae. Wakati huo alikuja mteja, mama mmoja niliyekuwa namfupishia koti la kazini. Sikumjua zaidi ya urefu wa mikono yake. Nikamwambia limebaki upindo wa chini, akakaa ukingoni mwa benchi, upande wa jua, mkoba mapajani, kikombe cha Bi Kahawa mkononi.

Breki alikuwa ameshapata moto.

— Jiulizeni, kwa nini wanataka kuhesabu magari? Gari halihesabiwi bure. Wakishajua yako mangapi, watasema barabara ni nyembamba. Barabara ikiwa nyembamba, itapanuliwa. Ikipanuliwa, itapita wapi?

— Wapi?

— Hapa! — Akapiga benchi kofi. — Huyu binti anaajiriwa aje atubomolee benchi, kwa mkono wake mwenyewe, kwa kubonyeza!

— Njia panda iko kule chini, Breki — nikamwambia.

— Barabara haina adabu. Ikianza kupanuka haiulizi mwenyewe yuko wapi.

— Kwa kweli wanachohesabu hasa ni... — binti akajaribu.

— Na ya meno mnaifurahia bure — Kamusi akadakia. — Kule kuna ile hewa ya kulaza watu. Daktari anamlaza mgonjwa, sawa. Lakini hewa inajua nani mgonjwa na nani wa mapokezi? Inapita chini ya mlango. Binti atakuwa anasinzia kidogo kidogo, kila alasiri, mpaka siku ya mtihani analala karatasi ikiwa kifuani. Ndiyo maana wahenga walisema, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

— Inahusiana nini na hewa?

— Sakafu za kliniki zina vigae, bwana. Zinateleza.

Mama mwenye koti akaficha tabasamu ndani ya kikombe. Breki, asiyependa kupitwa, akaongeza mwendo.

— Na mtu anayehesabu watu, yeye mwenyewe nani anamhesabu? Atakaa pale miezi mitatu anaandika wengine tu. Ikija sensa, wanakuta kila mtu kaandikwa isipokuwa yeye. Serikali inasema huyu hayupo. Hata cheti cha chuo hapewi, maana kitaandikwa jina la nani?

— Wewe unaongelea cheti! — Kamusi alikuwa amesimama sasa. — Uliza meno yanayong'olewa yanaenda wapi. Umewahi kuona kaburi la meno? Hujaona! Yanasagwa. Yanachanganywa na saruji, yanatengenezwa marumaru ya bafu za matajiri. Ndiyo maana marumaru nyeupe inang'aa ukitabasamu!

— Inang'aa nani akitabasamu?

— Yenyewe!

Tulicheka mpaka uzi ukanikatikia. Breki akataka kujua jino moja linatoa marumaru ngapi. Kamusi akaanza kukadiria kwa vidole. Mimi nikarudia kwamba meno ni kazi ya heshima, ina kiti na feni, basi. Simu ya binti ilikuwa imetetemeka mara moja, mara mbili. Niliona kwa pembe ya jicho akiinuka, akipita nyuma yangu, akiingia nyuma ya pazia ambako wateja hujaribia nguo. Sikulitia maanani. Tulikuwa kwenye jino la tatu.

Ndipo mama mwenye koti akaweka kikombe chini.

— Samahanini — akasema. — Mimi mgeni hapa. Huyu binti anasomea nini?

— Nani, mpwa wangu? — nikajibu haraka. — Anasomea digrii.

— Digrii ya nini?

— Ya chuo kikuu.

Mama akaendelea kunitazama kwa upole, kama mtu anayesubiri chenji. Mguu wangu ukasimama juu ya kikanyagio. Nikamgeukia Breki.

— Ni mambo ya ramani yale — Breki akasema. — Nimewahi kumwona na makaratasi marefu yamekunjwa. Au ni ya kubandika ukutani?

— Sheria — Kamusi akasema. — Lazima ni sheria. Kwa jinsi anavyobishana.

— Anabishana lini? — Bi Kahawa akauliza. — Mmewahi kumwacha amalize sentensi?

Saa za ukutani ndizo tu zilizoendelea kusema, kila moja kivyake.

Niseme ukweli, nilipatwa na aibu ambayo sijaipata tangu nilipomkatia bwana harusi suruali yenye mguu mmoja mfupi. Miaka miwili nimekuwa nikiwaambia wateja, "Mwanangu yuko chuo kikuu," nao wanasema hongera, nami napokea hongera, tunaendelea na vipimo. Najua kiuno cha kila mtu mtaani. Najua nani amenenepa na nani anasema kitambaa ndicho kimerudi. Mtoto niliyemfunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule, sikujua anashinda akisoma nini.

Pazia likasogea. Binti akatoka, simu mkononi, macho yamelegea kama mtu aliyetua mzigo.

— Mama — nikamwita, kama nimwitavyo tangu utoto wake. — Hivi unasomea nini?

Alinitazama kuona kama natania.

— Mipango miji, mjomba.

— Ndiyo nini?

— Ni kupanga mji. Barabara ipite wapi, shule iwe wapi, maji ya mvua yaende wapi yasiingie kwenye nyumba za watu. Watu wavukie wapi wasigongwe. — Akasita, akitegemea kukatizwa. Hakuna aliyemkatiza. — Pale njia panda, watoto wa shule wanasimama muda mrefu sana kabla gari moja halijawapisha. Ofisi ya barabara haiweki taa mpaka ione idadi. Ndiyo hiyo kazi ya kuhesabu.

Breki akashusha mguu wake taratibu. — Pale mimi mwenyewe niliwahi kufunga breki, mtoto yuko hapa — akaonyesha umbali wa kiganja. — Jina hili nililipata siku ile. Chukua ya magari, binti yangu. Hata wakibomoa benchi.

— Ya magari! — Kamusi akaunga mkono. — Hiyo ndiyo fani yako!

Ilikuwa mara ya kwanza benchi hilo kukubaliana tangu lichongwe.

— Nimeshawajibu — binti akasema. — Nimechukua ya meno.

Hapo kelele zilizuka tena, lakini mama mwenye koti akainua mkono kidogo tu, na wazee wazima wakanyamaza. Baadaye tuliambiwa ni mwalimu.

— Kwa nini, mwanangu? — akamuuliza.

— Daktari ni mmoja na kiti ni kimoja. Mgonjwa akiingia, anakaa ndani nusu saa. Mimi nitakuwa na meza, taa na nusu saa ya kusoma. Ile nyingine niliitaka sana, mama. Nimewakatalia roho ikiniuma. Wamesema mwakani watahesabu tena. Lakini sasa nina mtihani wa kurudia.

— Wa kurudia? — nikaruka. — Ulifeli?

— Takwimu. Muhula uliopita.

— Mbona hukuniambia?

— Nilikwambia, mjomba. Nilikaa hapa hapa. Mlikuwa mnabishana kama samaki hulala.

Breki akafungua mdomo, akaufunga. Nikajua alitaka kusema samaki halali.

— Ulifelije takwimu, na hesabu ulikuwa unazimaliza kabla ya mwalimu?

Akatazama viatu vyake. — Mazoezi ya takwimu yalikuwa Jumamosi asubuhi.

Hakuongeza neno, wala sikumhitaji aongeze. Jumamosi zote, tangu akiwa sekondari, huyu mtoto hukaa kwenye cherehani ya pili ndani ya duka langu. Vifungo ni vyake, pindo ni zake, sare za shule ni zake. Hakuwahi kulalamika, nami nilidhani kimya chake ni kupenda. Na asubuhi hiyo niliposema "chukua ya meno," ni kwa sababu ile ya magari ilikuwa na Jumamosi.

Niliwaambia hivyo, mbele ya wote. Sindano ikikuchoma kidole huiachi humo.

— Jumamosi hii usije — nikamwambia. — Wala ijayo. Mazoezi yapo bado?

— Yapo. Na vifungo?

— Vifungo nilianza kushona hujazaliwa.

— Peke yako, mjomba? Na sare je, shule zinafunguliwa wiki mbili zijazo?

— Mimi nafungua saa ndogo kuliko ukucha — Kamusi akasema. — Kifungo kitanishinda nini? Lete hapa kwenye benchi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tukamtazama. Bi Kahawa akammiminia kikombe kipya.

— Hiki cha bure — akasema. — Leo methali umeipatia.

Binti alicheka, akafuta jicho kwa kiganja, akatazama simu yake, akasema atachelewa. Akanishika bega alipopita, kama anavyofanya mtu mzima kwa mtu mzima, akaondoka kwa hatua ndefu kuelekea chuoni. Tulimsindikiza kwa macho tukiwa tumejawa na kujisifu, kana kwamba sisi ndio tuliomshauri vizuri.

Nilimaliza upindo, mama mwenye koti akalijaribu koti lake, akajitazama kwenye kioo, akasema upindo umekaa sawa.

— Na mtihani wenyewe ni lini? — akauliza.

Nikamtazama Breki. Breki akamtazama Kamusi. Kamusi akazigeukia saa zake.

Sikungoja. Niliacha mkasi mezani, nikatoka mbio na futi ya vipimo ikining'inia shingoni, ndala moja ikibaki mlangoni. Watu wakanipisha wakidhani nimeibiwa. Nilimwona amefika kona, anasubiri gari lipite avuke.

— Mama! — nikapiga kelele. — Mtihani ni lini?

Akageuka. Lori likapita kati yetu. Lilipopita alikuwa ameweka mikono mdomoni kama paipu.

— Jumatatu ya mwisho wa mwezi! Saa tatu! Ukumbi wa pili!

Nikampungia mkono kwamba nimesikia. Nilirudi taratibu, nikihema, mguu mmoja ukiungua kwa lami, nikikariri njia nzima nisije nikasahau: Jumatatu ya mwisho, saa tatu, ukumbi wa pili.