Sekunde Tisa za Getnet

Jua likichomoza mtaa wa Gulele, Mama Wagaye muuza kahawa huwa ameshatandaza majani mabichi chini, jebena, birika lake la udongo, iko kwenye mkaa, na kila kigoda kina mwenyewe. Mteja waliyempachika jina la Redio hukaa kushoto, na habari ikimfikia haiondoki bila nyongeza. Injinia hukaa kulia. Uinjinia wake ni miaka miwili ya kufunga taa za harusi. Asubuhi moja kati yao alikuwa Getnet, fundi cherehani mstaafu, simu mkononi. Wiki tatu alikuwa amejifungia nyumbani akitengeneza sinema: mtu wa waya, urefu wa shubiri moja, kavikwa koti. Anamsogeza kidogo, anampiga picha, anamsogeza tena. Picha mia moja na nane zimezaa sekunde tisa. Mtu alitembea kweli, ila kivuli chake kilirukaruka kama kimeshikwa na kwikwi. Getnet alikuja kutafuta dawa.

— Hiyo ni simu, Redio alisema. Simu hizi zina kumbukumbu. Inachanganya kivuli cha leo na cha jana.

— Wacha porojo, Injinia alisema. Huo ni umeme wa mtaa huu. Unavuta pumzi, unashusha pumzi.

— Sikuwasha taa. Nilitumia dirisha.

— Basi dirisha lako ndilo linalovuta pumzi.

— Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame, Redio alisema. Hamishia meza mvunguni mwa kitanda. Huko kivuli kitarukia wapi?

Mama Wagaye alimimina kikombe cha kwanza, akasogeza bisi.

— Mzee Getnet, ukienda kula unamwacha wapi huyo mtu?

— Palepale mezani.

— Amesimama?

— Amesimama.

— Ndiyo hivyo, Redio alidakia. Mtu gani anasimama saa nzima? Anajinyoosha ukiwa jikoni.

Getnet alicheka, lakini alijiuliza kama mlango aliufunga.

Kikombe cha pili kilikuta Injinia ameshafika kwenye mzunguko wa dunia. Meza, alisema, inazunguka pamoja na dunia, ila mtu wa waya ni mwepesi, anachelewa kidogo.

— Ni mawingu tu, alisema mwanamke mmoja.

Hawakuwa wamemwona akikaa. Alikuwa muuguzi, bado ana sare, anasubiri kahawa yake.

— Wingu likipita dirishani kivuli kinabadilika. Funga pazia, washa taa moja. Naomba nione, baba.

Getnet alimpa simu. Aliangalia sekunde zote tisa, akaangalia tena.

— Anakwenda wapi?

Redio alifungua mdomo, halafu akanywa kahawa.

— Sijui, Getnet alisema. Huyo ni kaka yangu, Tamirat. Kitambaa hicho nimekikata kwenye koti kubwa alilonishonea akiniambia nitakua linitoshe. Alitoka nyumbani hivyohivyo, mkono mfukoni. Mwaka wa hamsini na moja huu, hajarudi. Nilikuwa na haraka ya kwenda shule, sikumuuliza.

Bisi zilikuwa zinapoa.

— Hilo bega la kushoto linashuka, muuguzi alisema taratibu. Ndivyo alivyotembea?

— Ndivyo. Bega hilo peke yake limenila wiki mbili.

Mama Wagaye aliinama juu ya simu kwa mara ya kwanza.

— Sote tumeona mgongo tu. Uso anao?

— Sijamwekea.

— Unaukumbuka?

Getnet alifumba macho. Walimsubiri, hata Redio.

— Naukumbuka, alisema.

Akachukua simu yake, akainuka kabla ya kikombe cha tatu, kile cha baraka, jambo ambalo Mama Wagaye hamsamehei mtu. Safari hii alimpisha njia.