Sala ya Kufungua Mkutano

Basi lilipopita zahanati yenye kufuli mlangoni, mzee aliyekaa mbele yangu na kikapu cha nguo za kichanga mapajani alishusha pumzi. "Mkwe wangu amejifungulia mjini," alimwambia mama wa pembeni yake. "Zamani angejifungulia hapa hapa."

"Hapa nilikuwa mkunga," mama akajibu. "Uamuzi wa kuihamisha zahanati ulipitishwa kwenye ukumbi wa kanisa, hapo nyuma."

Mzee akakohoa. "Mimi ni mzee wa kanisa hilo. Ndimi niliyefungua mkutano huo kwa sala."

"Halafu?"

"Halafu mimi na waumini wenzangu tukaondoka. Tulisema siasa ina wenyewe, tusije tukachafuka."

"Mimi nilisimama kuitetea zahanati. Diwani akauliza kama kuna mwingine mwenye neno. Nikageuka, nikaona viti vitupu."

"Lakini tuliwaombea hekima, mama."

"Mliomba vizuri sana, baba. Hata diwani aliitikia amina." Mimi, nyuma yao, nikageukia dirishani haraka, kama vile kuna cha kutazama.

"Sasa kanisa lianze kugombana na serikali?" mzee akauliza, ila sauti haikuwa ya ubishi tena.

"Nani kasema mgombane? Mngekaa tu, mkasema mnayoyajua."

Mzee akanyoosha vinguo kikapuni. "Jumatano kuna mkutano mwingine, wa maji. Nimeombwa tena kufungua kwa sala."

Basi likasimama mbele ya hospitali ya mjini. Mzee akanyanyuka.

"Na sala ya kufunga, baba," mkunga akauliza, "ataomba nani?"

Kondakta alikuwa ameshafungua mlango. Mzee alikuwa bado amesimama.