Mistari Miwili Kwenye Plasta

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, punguzeni kidogo mnachokifanya. Leo tunamkumbuka muuguzi wa gari la wagonjwa. Alihudumu miaka kumi na tisa, na waliompitia mikononi wengi walikuwa majeruhi wa kichwa. Wenzake walimwita Nimekushika.

Jina alijipa kwa kinywa chake. Akifika penye ajali anapiga magoti, anashika kichwa cha majeruhi kwa mikono miwili kisigeuke, ndipo anasema, "Tulia, nimekushika."

Mumewe anasema hata nyumbani ilikuwa hivyo. "Nikipanda stuli kubadilisha balbu, nasikia sauti: tulia, nimekushika. Kanishika na nini, na yeye yuko jikoni?"

Alikuwa na desturi moja. Alibandika plasta pana pajani, juu ya suruali, akaandika humo kila dakika kumi: saa, mboni za macho, pumzi, majibu. Karatasi hupotea, alisema, paja halipotei. Majibu yenyewe ni ya maswali matatu. Unaitwa nani? Leo siku gani? Nani anakusubiri nyumbani?

Jumanne, saa nane mchana, fundi mwashi alianguka kutoka jukwaa la ujenzi. Nimekushika alimvalisha kola ya shingo, akampa oksijeni, wakaondoka. Kwenye usukani alikuwa dereva wake wa miaka yote. Njiani lori likachomoza kichochoroni. Dereva akakanyaga breki. Nimekushika alikuwa amepiga magoti, hana mkanda, mikono iko kichwani kwa mwashi. Kisogo chake kikagonga kabati la dawa. Mikono haikuachia.

"Dada, umeumia?"

"Nundu tu. Endesha bwana, usije ukanimalizia na upande wa pili!"

Wakacheka. Hospitalini alimsomea daktari plasta yake, mwashi akapelekwa chumba cha upasuaji. Chumba ni kimoja, wasikilizaji. Kimoja tu. Nimekushika akaketi kwenye benchi la korido, akasema kichwa kinamgonga. Dereva akamuuliza yale maswali matatu. Jina akajibu. Siku akajibu. La tatu hakulijibu.

Damu ilikuwa imevujia ndani ya fuvu. Mwashi alikuwa bado kwenye meza ya upasuaji. Saa kumi na mbili jioni muuguzi wetu alifariki. Mwashi yu hai.

Nilimkuta dereva akiosha gari. Lilikuwa safi. "Silii," aliniambia. "Sijui kwa nini. Naosha tu." Kisha akanipa plasta, nimwonyeshe mumewe. Ina mistari miwili. Wa juu ni wa mwashi. Wa chini, ambao daktari hakusomewa, umeanza na neno "Mimi". Saa nane na nusu, nimegonga kisogo. Saa tisa kasoro dakika ishirini, kichefuchefu. "Alijua meza ni moja," dereva akasema, akachukua tena ndoo.

Kwa mume, kwa watoto wawili, kwa dereva, tunawapa pole. Poleni sana. Maneno mengine sina, nami kazi yangu ni maneno.

Wasikilizaji wapendwa, aliyegonga kichwa aseme. Hata kama ni nundu tu. Hata kama yeye ndiye mganga. Na ukimwona jamaa amegonga kichwa anacheka, usicheke naye ukaondoka. Kaa naye, muulize.

Mwisho wa mstari ule wa chini kuna majibu matatu, kwa mwandiko uliopinda. Jina lake. Jumanne. La tatu, mumewe alilisoma mara moja akanirudishia plasta.

"Kaniandika mimi," alisema. "Alijua namsubiri."