Mibuni Aliyoiacha Mume Wangu

Wapendwa, mniwie radhi, nitaongea nikiwa nimekaa.

Mimi ni mtu wa Idjwi, kisiwa kilicho katikati ya Ziwa Kivu, kule Kongo. Kwetu karibu kila familia ina mibuni, miti ya kahawa, nyuma ya nyumba. Wakati ule hatukuwa na mnunuzi, basi wanaume walivusha kahawa kwa mtumbwi hadi Rwanda, kwa kujificha. Mume wangu alivuka na wenzake, dhoruba ikawakuta. Mtumbwi ulionekana. Yeye hakuonekana mpaka leo. Ndugu zangu, kuomboleza bila kaburi, sijui niwaelezeeje.

Nilipofika London na binti yangu, tulipanga chumba mtaa wa Hayes, nikapata kazi ya usafi uwanja wa ndege, jirani na mgahawa. Ile harufu ya kahawa, ninyi mnaifurahia. Mimi nilikuwa nakwenda chooni kulia. Mwisho nikaacha kazi, nikawa mtu wa kitandani. Sipiki, sichani nywele. Mtoto akaniuliza kwa Kiingereza chake kama na mimi nitakufa.

Jirani yetu, mama mmoja wa Kenya, akaanza kuja. Hakunihubiria. Aliosha vyombo, akamsuka mtoto, akaenda. Kesho yake akarudi.

Siku moja yuko hapo, mama mkwe akapiga simu kutoka kisiwani. Akasema wakulima wameungana, wanaosha na kuandaa kahawa yao pamoja, na wanunuzi wa kahawa bora wanaifuata hukohuko. Nikamwambia, “Mama, mibuni yetu ing'oeni. Sitaki kuisikia.”

Akanijibu, “Mwanangu, miti haikumuua. Alikufa kwa sababu hapa hapakuwa na wa kumuuzia. Sasa mnunuzi yupo, vijana wetu hawavuki tena. Niing'oe vipi, na ni yeye aliyeipanda?”

Nililia kilio ambacho sikuwahi kukilia tangu msiba. Jirani alinishika mpaka nikamaliza.

Sitawadanganya kwamba nimepona. Nimerudi kazini, na ile harufu bado inaniuma, ila siikimbii. Juzi mama mkwe ametutumia pakiti ya kahawa ya shambani kwetu. Binti yangu akaonja, akakunja uso, akauliza kwa Kiswahili, “Baba alipanda hii?” Nikamwambia ndiyo. Akamaliza kikombe.

Namshukuru mama mkwe wangu. Namshukuru na jirani yangu, yuko hapa, hapendi nimtaje. Nawaomba neno moja tu: mwenye msiba msimngoje awaite. Hana nguvu ya kuita. Nendeni.